Safari Yetu ya Ziwani hata Baraka

Wazee wetu husema, "Kuuliza si ujinga." Neno hili twalifundisha watoto kila mwaka katika darasa la dini, nasi wenyewe tulilisahau siku ile tulipolihitaji kuliko siku zote. Kwa hiyo twataka kuwaeleza habari ya safari yetu ya ziwani, ili mtu mwingine atakayepewa kazi ya kuwapangia wenzake safari asije akakosa kama tulivyokosa sisi.

Sisi tunaoandika habari hii ni mwalimu wa dini wa Katogota, katika bonde la Ruzizi. Tulisoma seminarini miaka kadhaa, kisha tukaona ya kuwa wito wetu ni wa ndoa. Tukarudi nyumbani, tukaoa, tukapewa kazi ya kuwafundisha wakatekumeni. Kwa sababu tumesoma, watu wakiwa na barua ya kuandika au hesabu ya kufanya hutuletea sisi. Basi hata safari hiyo walituletea.

Mwaka 2024 ilikuja furaha kubwa katika jimbo letu la Uvira. Tarehe 18 Agosti, siku ya Dominika, mjini Uvira, walitangazwa wenye heri mashahidi wanne waliouawa tarehe 28 Novemba 1964: Padri Luigi Carrara, Bruda Vittorio Faccin, Padri Giovanni Didonè na Abbe Albert Joubert. Watatu walikuwa Wasaveri waliotoka Italia, na Abbe Joubert alikuwa mzaliwa wa nchi hii yetu, wa upande wa Moba. Wawili waliuawa Baraka, na wawili Fizi, siku ile ile.

Habari ya sikukuu hiyo ilipofika kwetu, Wakristo kadhaa wakatujia jioni wakasema, "Mwalimu, tukiisha kufika Uvira, mbona tusiendelee kwa maji hata Baraka, tupaone mahali penyewe? Tena tutapumzika kidogo. Sisi twala ndagala wa ziwa hili kila siku, lakini wengi wetu hatujapata kupanda chombo." Tulipowahesabu walikuwa watu 23. Wengine walitaka hija, wengine walitaka kupumzisha mwili baada ya kazi za shamba, na wengi walitaka yote mawili. Hapana ubaya. Mkristo naye huchoka, na kuona uzuri wa nchi ya Mungu si dhambi.

JINSI TULIVYOPANGA

Tukachukua daftari, tukaandika: nauli ya gari kutoka Katogota kwa njia ya Luvungi, Sange na Kiliba hata Uvira, nauli ya chombo kutoka bandari ya Kalundu, chakula cha njiani, sadaka. Tukauliza huku na huku habari za vyombo. Tukasikia ya kuwa kuna mashua moja kubwa ya mbao, yenye injini, itakayotoka Kalundu usiku na kufika Baraka asubuhi, na nauli yake ni ndogo kuliko nyingine zote. Tukafurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani. Tukajiona tu werevu sana.

Dominika iliyofuata, baada ya Misa, tukasimama mbele ya watu tukatangaza siku na saa na mchango. Mwisho tukasema, "Mtu ye yote mwenye shida yake na aseme sasa." Watu wakanyamaza. Tukaandika katika daftari: "Hakuna mwenye shida."

Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na makosa mengine yote ni watoto wake. Maana ni nani atakayesimama katikati ya kanisa, mbele ya wakwe zake na watoto wa jirani, aanze kueleza udhaifu wa mwili wake? Kunyamaza kwa watu si jibu. Sisi tulikuhesabu kuwa jibu kwa sababu kulitupunguzia kazi.

Tena tulipewa onyo, tusilisikie. Usiku wa kuamkia safari mzee mmoja alikuja mlangoni petu. Ni mtu wa maneno machache. Akauliza, "Mwalimu, chombo cha mchana hakuna?" Tukamjibu, "Mzee, kipo, lakini cha usiku nauli yake ni ndogo." Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda zake. Hatukumwuliza kwa nini anataka cha mchana. Na sisi sote wa Katogota twajua ya kuwa tarehe 14 Mei 2000 watu wengi wa kijiji chetu waliuawa na watu wenye silaha. Wako waliopona siku ile ambao mpaka leo usiku kwao si wakati wa kulala kati ya watu wasiowajua. Huyu ni mmoja wao. Tulijua, lakini wakati ule akili yetu ilikuwa katika nauli.

USIKU ULE

Basi tulisali sikukuu yetu Uvira kwa furaha kubwa, tukalala, na kesho yake jioni tukashuka Kalundu. Hapo ndipo tulipoiona ile mashua kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imekwisha kujazwa magunia ya unga na saruji, makreti ya vinywaji na magodoro, na watu wameketi juu ya mizigo. Jaketi za kuokolea zilikuwa chache kuliko watu. Choo hakikuwako. Wanaume huenda tezini wakasimama ukingoni gizani, wanawake huvumilia. Tulipoona hayo moyo wetu ulishtuka kidogo, lakini nauli ilikuwa imekwisha kulipwa, na vijana walikuwa wamekwisha kuruka ndani wakiimba. Tukapanda.

Mwezi wa Agosti ni wakati wa upepo wa kusini katika ziwa letu, nasi tulikuwa tukienda kusini, usoni pake. Tulipopita Makobola mawimbi yakaanza kuipiga mashua. Vijana wakaacha kuimba. Watu wakatapika, wengine juu ya mizigo ya wenyewe, na ugomvi ukaanza. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi mitatu alikuwa ameketi omoni, maji yakamrukia yeye na mtoto. Yule mzee wetu aliketi macho wazi, ameshika mkono wa jirani yake, hasemi neno.

Kati yetu alikuwako bibi mmoja wa miaka 74. Aliolewa Katogota, lakini kwao ni upande wa Baraka, na tangu ujana wake hakupata kurudi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa mchango wake. Usiku ule aliketi amejifunika kitenge, hana manung'uniko. Tulipopitisha maji akasema, "Asante, wanangu, nimetosheka." Tulipopitisha chai akasema vile vile. Sisi tulidhani anafunga kwa ajili ya hija, tukamsifu moyoni.

Yapata saa nane za usiku kichwa chake kikamwangukia mama watoto wetu begani. Tukawasha taa. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, mapigo ya moyo wake yalikwenda mbio, na maneno yake yalikuwa yamepotea njia: alikuwa akiwaita watu waliokufa zamani. Mama watoto wetu alimpapasa ngozi ya mkono akasema, "Bibi huyu hajanywa maji tangu jana." Ndugu wasomaji, ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, mahali pake penye kina kuliko pote hufika mita 1,470. Juu ya maji mengi namna hiyo bibi yetu alikuwa akifa kwa kiu.

Tukamwomba nahodha atupeleke pwani. Akakataa, akisema mizigo inangojewa. Sisi tuliosoma tukaanza kumweleza kwa maneno marefu. Ndipo yule mzee anayeogopa usiku akainuka, akapita juu ya magunia gizani hata akafika kwa nahodha, akamwambia neno moja tu: "Baba, huyu ni mama yako." Nahodha akanyamaza, kisha akageuza usukani.

Tukashuka katika kijiji cha wavuvi, tukimbeba bibi mikononi, maji yametufika kifuani. Kijana mmoja wa kwetu alinung'unika, akitaka waliobaki waendelee na mashua, maana nauli haitarudishwa. Lakini watu wakasema, "Tulitoka 23." Wakashuka wote, na kijana yule pia, na mashua ikaenda zake na fedha yetu.

Kijijini palikuwa na zahanati ndogo. Mwuguzi akaamka, akampa bibi maji yenye sukari na chumvi kwa kijiko, kidogo kidogo, na baadaye akamtundikia dawa ya maji mkononi. Dawa hiyo ya kijiko kila nyumba yaweza kuitengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyozidi ukingo, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kulipopambazuka bibi akafumbua macho, akauliza, "Hapa ni Baraka?"

MANENO YA BIBI

Asubuhi ile mama watoto wetu alikaa naye peke yake, akamwuliza kwa upole. Bibi akamweleza ya kuwa kwa muda wa miaka sasa hawezi kukaa saa moja bila kwenda haja ndogo. Nyumbani si neno. Lakini tangu aliposikia ya kuwa safari ni usiku kucha katika chombo kimoja, aliona aibu. Akasema, "Ningeinuka mara ngapi mbele ya wanaume na vijana? Nikasema moyoni, nisipokunywa, sitakuwa na haja. Kwa hiyo Dominika mchana niliacha kunywa."

Mama watoto wetu akamwambia, "Lakini, Bibi, mwalimu aliuliza kanisani."

Bibi akajibu, "Kanisani? Mbele ya masikio ya watu wote? Hilo, mwanangu, si kuuliza. Hilo ni kutangaza."

Tulipoletewa neno hili tulitoka nje, tukaenda kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa pwani, na kwa muda mrefu hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumewafundisha watu miaka mingi ya kuwa mwili ni hekalu. Ilipofika siku ya kuupanga mwili huo katika mashua, tuliupanga kama gunia.

Hapo tukakumbuka mambo mawili ya zamani tuliyosoma, yaliyotendeka katika ziwa hili hili. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakafika Uvira. Burton ulimi wake ulikuwa umejaa vidonda. Speke alikuwa mgonjwa wa macho. Wapiga makasia wao walikuwa na hofu zao, wakakataa kuendelea hata mlango wa Ruzizi, ingawa ulikuwa umekaribia. Wakarudi bila kuuona, na baadaye marafiki wale wawili wakawa adui. Miaka 13 ikapita. Mwezi wa Novemba 1871 Daktari Livingstone na Stanley wakatoka Ujiji kwa mtumbwi kuutafuta mlango ule ule. Livingstone alikuwa na miaka 58, amechakazwa na maradhi. Stanley alikuwa na miaka 30, na damu yake ni moto. Njiani yule kijana akashikwa na homa, na mzee ndiye aliyemwuguza. Walifika, wakaona ya kuwa Ruzizi huingia ziwani wala haitoki, wakarudi salama baada ya siku 28, wakipendana. Ziwa lilikuwa moja, na magonjwa yalikuwako katika safari zote mbili. Sisi twaona ya kuwa tofauti kubwa ilikuwa katika jinsi kila mmoja alivyouchukua udhaifu wa mwenzake.

TUKAPANGA UPYA

Tulikaa siku mbili katika kijiji kile mpaka bibi akapata nguvu. Siku hizo tulifanya kazi ambayo tungaliifanya tukiwa bado Katogota. Mama watoto wetu alizungumza na kila mwanamke peke yake. Yule mzee alizungumza na wazee. Kijana mmoja mwenye busara alizungumza na vijana. Kila mmoja alipewa maneno matatu tu ya kuuliza: Mwili wako wahitaji nini njiani? Waogopa nini? Watamani nini? Majibu yaliletwa kwetu, tukayaandika, wala hatukuyasoma mbele ya watu.

Wasomaji wapenzi, daftari lile lililosema "Hakuna mwenye shida" likajaa. Kijana mmoja mwenye afya ya kutazamwa ana kifafa. Humeza vidonge asubuhi na jioni, na akikosa usingizi usiku kucha huweza kuanguka. Nasi tulikuwa tumempandisha chombo cha usiku! Mama mwenye mtoto mchanga alihitaji mahali pakavu pa kumnyonyesha bila kutazamwa. Watu wawili walikuwa wamekopa nauli, wakaogopa kuambiwa watoe tena. Mwingine hali samaki, naye alikuwa na njaa tangu Uvira kwa maana chakula chetu chote kilikuwa ndagala.

Na matamanio nayo hayakuwa mamoja. Vijana walitaka kuoga ziwani na kuimba. Akina mama walitaka nafasi ya kwenda sokoni Baraka. Wazee walitaka kimya na Rozari. Wengine walitaka turudi upesi kwa ajili ya mashamba. Sisi wenyewe, tukisema kweli, tulitaka kwenda hata Fizi na kuvuka rasi ya Ubwari, tuone kila kitu na kukiandika. Hapo tuliona ya kuwa hata tulipokuwa tukipanga kwa ajili ya wote, tamaa yetu ilikuwa imekaa mbele, kama abiria aliyewahi kiti kizuri.

Basi tukakodi mashua mbili ndogo za wavuvi, zenye injini, ziwe zetu peke yetu. Tulizitazama kwanza mchana, mbao kwa mbao. Tukaazima jaketi za kuokolea mpaka kila mtu akapata yake. Tukapatana na mabaharia ya kuwa tutatoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya upepo kuwa mkali, tutafuata pwani, na kila baada ya muda mfupi tutashuka nchi kavu. Katika kila mashua tukatenga pembe ya tezini kwa turubai, na ndani ndoo yenye kifuniko, kwa ajili ya atakayezidiwa kabla ya kufika pwani. Bibi, mama mwenye mtoto na wote wanaolewa mawimbi tukawaketisha katikati, kwa maana katikati ya chombo huyumba kidogo kuliko omo na tezi. Tukawaambia watazame mbali, nchi kavu au mwisho wa maji, wasitazame miguuni. Dawa tukazigawa katika mifuko miwili, ili mmoja ukianguka majini mwingine ubaki.

Gharama iliongezeka, hatufichi. Tuliweka kikapu katika chumba, kila mtu akaingia peke yake. Mwenye kitu akatia, asiye na kitu akatoka, na hakuna aliyejua nani ametia nini. Fedha ikatosha. Tukafuta Fizi na Ubwari katika daftari.

BARAKA

Tulisafiri taratibu, tukishuka mara tatu. Kila tuliposhuka akina mama walikwenda upande wao na wanaume upande wao, na bibi alirudi akicheka, akanywa maji mbele yetu. Vijana walioga pwani wakafurahi. Yule mzee alilala usingizi mchana kweupe, jua limempiga usoni. Hatimaye tukaingia katika ghuba ya Baraka, rasi ya Ubwari upande wa kushoto, na milima upande wa kuume.

Siku ya kwanza tulikwenda pamoja kusali. Pale Baraka alisimama Bruda Faccin mbele ya watu wenye silaha, akapigwa risasi. Padri Carrara, aliyekuwa akiungamisha, akatoka kanisani. Inasimuliwa ya kuwa walitaka kumpandisha katika gari lao, naye akakataa, akataka kufa karibu na ndugu yake aliyelala chini. Habari hiyo tuliifundisha mara nyingi kabla ya sikukuu. Safari hii tuliisikia kwa sikio jipya. Sisi hatukuombwa damu. Tuliombwa tu kumwuliza bibi kama anahitaji choo, na hata hilo lilitushinda.

Bibi aliomba kuketi peke yake chini ya mwembe. Mwaka 1964 alikuwa msichana wa miaka 14. Alikimbia vita pamoja na wazazi wake, asirudi. Hatukumwuliza anakumbuka nini. Yako mambo ya kuuliza, na yako ya kuyaacha mtu ayaseme mwenyewe. Alipoinuka alituambia, "Haya, sasa nimefika."

Siku ya pili hatukuwalazimisha watu kwenda pamoja. Akina mama walikwenda sokoni, vijana majini pamoja na mkubwa mmoja wa kuwalinda, wazee walikaa kivulini na Rozari zao, na mwenye kutaka kulala alilala. Jioni tukakutana tukala mikeke pamoja, na maharagwe kwa yule asiyekula samaki. Wengi husema ya kuwa hiyo ndiyo ilikuwa siku njema kuliko zote, ingawa mchana wote hatukuwa pamoja. Kurudi tulifanya kama tulivyokuja, na yule mwenye kifafa hakuanguka hata mara moja.

NENO LA NDUGU YETU WA MAREKANI

Tulipofika nyumbani tulimsimulia haya kwa simu ndugu yetu mmoja anayeishi Marekani. Akacheka, kisha akasema, "Kosa lenu ni kosa letu." Huko watu hupumzika katika meli kubwa za matembezi zinazozunguka visiwa na bandari siku nyingi. Zaweza kuwa kubwa mno: iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwezi wa Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na huweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Ndani mna vyumba, vyoo, matabibu na vyakula vya kila namna.

Yeye alikwenda na jamaa zake katika meli ya namna hiyo, naye ndiye aliyepanga. Alichagua vyumba vya bei ndogo. Mama mkwe wake, anayetembea kwa fimbo, akapewa chumba mwisho wa njia ndefu, mbali na lifti, naye akaona haya kumwambia mkwewe. Siku tatu alikaa ndani akisema hana hamu ya kutoka. Watoto walitaka michezo, wazee walitaka kulala, na kila asubuhi palikuwa na ugomvi. Safari nyingine walikaa kwanza nyumbani, kila mtu akasema haja yake: mwenye fimbo akapata chumba karibu na lifti, mwenye kulewa mawimbi akapata chumba cha chini, katikati ya meli, na wakapatana kukutana mezani jioni tu. Basi tukaona ya kuwa fedha yaweza kununua choo na kitanda na tabibu, lakini haiwezi kumfungulia mtu kinywa chake.

TUWAACHIE NENO

Ndugu walimu wa dini, viongozi wa mashirika, wakubwa wa vyama, ninyi mnaopewa daftari la safari, shikeni mambo haya machache.

Kwanza, ulizeni kabla ya kuhesabu fedha, wala si baada yake. Ulizeni kila mtu peke yake, kwa kinywa cha mtu asiyemwonea haya: mwanamke kwa mwanamke, mzee kwa mzee, kijana kwa kijana. Mkipewa siri, ifungeni.

Pili, chombo kitazameni kwa macho kabla ya kulipa. Kisichokuwa na jaketi za kutosha, au kilichojazwa kupita kiasi, kiacheni, hata kama nauli yake ni sadaka. Kumbukeni MV Bukoba katika ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, na mashua iliyozama katika ziwa Kivu karibu na Goma tarehe 3 Oktoba 2024. Vyombo vyote viwili vilibeba watu kupita kiasi, na watu wengi wakafa.

Tatu, mwendo wa safari uwe mwendo wa aliye dhaifu. Mwenye nguvu akienda polepole hapotezi kitu. Aliye dhaifu akikimbizwa hupotea yeye.

Nne, mpeni kila mtu sehemu yake ndogo ya furaha, tena msimlazimishe kufurahia sehemu ya mwenzake.

Tano, wewe unayepanga, andika kwanza tamaa yako mwenyewe katika karatasi, uitazame. Itakuwa rahisi kuiona inapojaribu kukaa mbele.

Mwaka 2025 vita vilifika tena katika bonde letu, na safari ya Fizi tuliyoifuta katika daftari bado haijafanyika. Lakini daftari tunalo. Bibi hutuuliza habari zake kila tukionana. Mara ya mwisho alikuwa ameketi mlangoni pake na kikombe cha chai, akatuambia, "Mwalimu, siku itakapokuja, usinitangazie. Uje hapa, uniulize." Tukamjibu, "Ndiyo, Bibi, tutakuja." Akatumiminia chai, tukaketi, tukaanza kumwuliza siku ile ile.